Mita Mbili, Nyumba Moja

Katindiuka, Ifakara
Jumatatu

Mpendwa Shangazi Justa,

Shikamoo. Najua hapo umeitikia marahaba huku umenuna, lakini umeitikia, na mimi nimeipokea hivyo hivyo. Goti linasemaje? Na hao wakata miwa wa Kidatu unaowapikia uji, wanajua wanakunywa uji wa nani, au wanagugumia tu kama ng'ombe kisimani? Waambie mpwa wako anauliza.

Sisi huku ni wazima wa mwili. Wa roho sisemi, utasoma mwenyewe. Mpunga umeanza kuchanua, mto umejaa ila haujatufikia, na Mama kikohozi kimemwacha. Mimi ndiyo usiseme. Nimenawiri mpaka watu wanauliza huyu ni mtoto wa mkurugenzi gani.

Nakuandikia kwenye karatasi kwa sababu simu zetu hupokei, na ile namba mpya niliyokupigia uliposikia sauti yangu ukakata. Sikulaumu. Barua hii anakuletea rafiki yako Sada muuza mitumba, na nimemwapisha asikupe mpaka akuone umekaa. Kama umesimama, Shangazi, vuta kigoda.

Nianze na habari njema, ambayo ni mimi mwenyewe. Nimepata kazi. Kuna kampuni imechukua mkataba wa kubadilisha mita za umeme za zamani bonde zima, na walitaka vijana wa kufundishwa. Tangazo lilisema kidato cha nne. Mimi nina kidato cha pili na mdomo. Kwenye usaili waliniuliza kama nimewahi kushika umeme, nikawaambia umeme ndio uliwahi kunishika mimi, na ukaniachia wenyewe. Wakacheka, wakaniandika. Wenzangu wenye vyeti wamebaki nje wanashangaa mpaka leo.

Mafunzo yenyewe yanafanyika kwenye ukumbi wa kukodi karibu na soko. Siku ya kwanza niliwahi ili nishike kiti cha mbele. Akaingia mama mmoja mfupi, amesuka twende kilioni, amebeba sanduku limemzidi. Nikamwambia kwa heshima zote, mama, chai weka pale dirishani. Akaweka pale dirishani. Halafu akalifungua, akatoa mita, akaandika jina lake ubaoni: Balbina, mkufunzi wa mita. Shangazi, nilimeza mate ambayo hayakuwepo. Tangu siku hiyo kila swali gumu likija, anasema tumuulize bwana chai.

Lakini nilishika haraka, hilo hata yeye anakubali. Fidel, kijana wa Kiberege ninayekaa naye benchi moja, ananakili kwangu. Mwalimu Balbina anafundisha kama mtu anayesonga ugali, hakuachi mpaka uive. Alisema umeme una nyaya mbili. Waya mmoja unaitwa laivu, ndio unaoleta umeme ndani. Wa pili unaitwa nyutro, ndio unaourudisha nje. Umeme ukishawasha taa haukai kama mgeni asiyejua kuaga, lazima urudi ulikotoka. Na mita za siku hizi zina tabia ya kushuku. Zinapima unaoingia, zinapima na unaorudi, na zikiona havilingani, zinahesabu kile kikubwa, maana zinadhani unafanya ujanja.

Hayo niliyaandika tu. Sikujua nimeandika nini.

Alhamisi iliyopita akatundika ubao wa majaribio wenye mita mbili, A na B, kila moja na mein swichi yake chini. Upande wa B akafunga taa moja kubwa ya kuzubaisha macho. Upande wa A hakufunga kitu chochote, hata kibalbu. Akawasha. Kile kitaa chekundu cha B kikaanza kupepesa, sawa, inahesabu. Lakini Shangazi, cha A nacho kikapepesa! Nyumba haina kitu, mita inakula yuniti. Darasa likaguna. Mwalimu akasema angalieni na hili, akazima mein swichi ya A. Taa ya B ikazimika. Akaiwasha, ikawaka. Akauliza kuna nini hapa.

Mimi nikawa wa kwanza kusimama. Unanijua. Nikasema B ni mwizi, kesi imekwisha, na hiyo picha mimi nimeiona nyumbani kwetu kwa macho yangu, tena kwetu ilikuwa zaidi ya wizi, ilikuwa chuma ulete, uchawi wa kuvuta mali ya jirani. Wakapiga makofi nisimulie. Nikasimulia, Shangazi. Nisamehe, nilikuwa nachekesha darasa na jina lako.

Niliwaambia kwetu ni nyumba moja ya marehemu babu, imegawanywa kwa ukuta katikati, upande huu sisi, upande ule shangazi yangu, na mita mbili zimekaa barazani kama mapacha. Shangazi ana friji la kugandishia, anauzia watoto wa shule barafu za ubuyu. Luku ya kwetu ikawa haikai. Mama ananunua asubuhi, inaisha kabla hajachoka kuisifia. Tukiwa gizani, kwa Shangazi kunawaka. Mama akaanza kusema wifi anatuvuta. Mwishowe akawaita watu wa jumuiya baada ya sala, akazima kila kitu ndani mwetu, akawaonyesha mita yetu bado inapepesa. Kisha akashusha mein swichi yetu, na kule upande wa pili Shangazi akapiga kelele kwamba amezimikiwa, ni nani kamzimia. Nikawaigizia na ile sauti yako. Darasa lilikuwa hoi, Fidel ameshika mbavu. Nikamalizia kwamba watoto walikatazwa barafu zake, akavuliwa uongozi wa sala, mwisho akahama mwenyewe bila kufukuzwa, na siku alipohama tu luku yetu ikaanza kukaa mpaka tukaisahau. Ushahidi gani tena mnataka?

Mwalimu Balbina hakucheka. Aliniita mbele, akaniambia bwana chai, hebu tusomee mita ya B. Nikasoma. Ilikuwa imehesabu umeme wote wa ile taa, haikukosa hata chembe. Akaniuliza, mwizi gani anaiba halafu analipia? Akageuza ubao tuone nyuma.

Nyuma nyutro ya B ilikuwa imekatika kabla ya kufika kwenye mita yake. Na kulikuwa na kipande cha waya, kifupi, kimeunga nyutro ya B na nyutro ya A. Basi. Umeme unaingia kwa B, mita ya B inauhesabu na B anaulipia. Ukitaka kurudi, njia yake imekatika, unapita kwenye ule waya, unarudi kwa njia ya A. Mita ya A inaona kitu kikubwa kinarudi ambacho hakikuingia kwake, inashuku, inakihesabu. Umeme ule ule umelipiwa mara mbili na hakuna aliyefaidi. Yuniti za A zikiisha, mita yake inafunga laivu tu, njia ya kurudi iko wazi, kwa hiyo A anakaa gizani na B anawaka. Mein swichi ya A inakata nyaya zote mbili, kwa hiyo ukiizima, B anazimika. Na B akihama, A anapona.

Kila nilichokitaja kama ushahidi, Shangazi, kilikuwa kwenye ule ubao. Kimoja kimoja. Sauti yako niliyoiigiza nikawa naisikia masikioni, ila sasa haichekeshi. Ulikuwa unauliza swali la kweli. Umezimikiwa, nani kakuzimia. Na sisi watu wazima na watoto tumesimama barazani tunasema unaona, unaona, kajitaja.

Mwalimu aliniita nje akaniuliza huyo mama bado yuko hai. Nikasema yuko hai, yuko Kidatu. Akasema shukuru, kwa sababu nyutro ya kuazima ikiachia, bati la friji linaweza kushika umeme, na mtu akigusa ndio basi. Nikakumbuka ulivyokuwa ukilifungua friji lako umevaa kandambili na kusema linakutekenya. Tulidhani unajifanya. Akaniambia niende na Fidel, tuzime mein swichi zote mbili, tupande darini, tuangalie kwa macho, tusiguse kitu.

Tukaenda siku ile ile mchana. Ufunguo wa kwako anao Baba, na nilipomwomba alinipa bila kuuliza, akaendelea kunyoosha rimu ya baiskeli pale chini ya kibanda chake. Unajua ule ukuta wa katikati haukufika kwenye bati, juu dari ni moja. Tulitambaa kwenye vumbi na mavi ya popo. Upande wako kweli nyutro iliungua, imebaki nyeusi kama utambi. Na kutoka hapo ulitoka waya, ukavuka juu ya ukuta, ukaingia kwetu. Fidel akaguna, akasema ndio huu, kama ubaoni.

Mimi nilikuwa naangalia kitu kingine. Ile sehemu ya maungio haikufungwa kwa tepu ya mafundi wa umeme. Ilifungwa kwa utepe wa tyubu ya baiskeli, umekatwa mwembamba, umezungushwa kwa kuvutwa, na ncha imepitishwa chini mara mbili ikafichwa. Katindiuka nzima, nenda mpaka Ifakara mjini, anayefunga hivyo ni mtu mmoja. Karia ya baiskeli yangu imefungwa hivyo. Mpini wa jembe la Mama umefungwa hivyo. Hata redio yake mwenyewe ile ya betri, kifuniko chake kimefungwa hivyo.

Fidel akauliza ni nani aliyeunga. Nikasema labda fundi gani sijui wa zamani. Nilishuka, nikampita Baba kwenye kibanda. Akauliza bila kuinua uso, umeona nini huko? Nikasema nimeona waya. Akazungusha gurudumu, akaliangalia linavyozunguka mpaka likasimama lenyewe, akalizungusha tena.

Sasa jana ilikuwa zamu yetu kupokea jumuiya. Nikasema Mungu ndiye aliyepanga ratiba. Walikuja wale wale, Shangazi, na Mzee Beatus mwenyekiti na kitabu chake cha nyimbo kisicho na jalada. Sala ilipokwisha, kabla ya maharage, nikasimama nikaomba wasiondoke. Mama akanikonyeza nikae. Sikukaa. Nikawaambia siku ile mliitwa hapa kuonyeshwa uchawi, leo nawaita kuonyeshwa mafunzo. Wazee wakanong'onezana kwamba kijana kapata kazi juzi tu, tayari ameota pembe. Nikawaambia pembe zenyewe ziko kazini.

Mwalimu Balbina alikuja, maana nilimwomba, na yeye ndiye aliyetoa ruhusa tuwashe kwa muda mfupi na watu wakae mbali na friji. Tuliingiza tokeni kwenye mita yako, tukawasha lile friji lako uliloliacha, likanguruma kama trekta. Nikazima kila kitu ndani mwetu, nikamwambia Mama asimame mbele ya mita yetu atuambie anaona nini. Akasema inapepesa. Nikamwambia Mzee Beatus asimame mbele ya mita yako, Shangazi, ile ambayo siku ile hakuna hata mmoja wetu aliyeiangalia. Akainama, akavaa miwani, akasema hii nayo inapepesa, tena inahesabu. Nikauliza kama Shangazi alikuwa mwizi, hii inahesabu nini? Mwalimu akawaeleza taratibu, laivu na nyutro, kuingia na kurudi, kuhesabiwa mara mbili. Aliwafananishia na abiria mmoja anayekatiwa tiketi mbili na makondakta wawili. Hapo wakaelewa wote, hata bibi yule asiyesikia.

Mama alikaa chini pale pale barazani, sio kwenye mkeka, kwenye saruji. Akawa anauliza tu, kwa hiyo wifi alikuwa analipa? Miaka yote alikuwa analipa? Na mimi nalipa? Akajifunika kanga usoni.

Nilidhani hapo nimeshinda. Nilikuwa tayari nimejipanga kupongezwa, nisikudanganye. Lakini binadamu, Shangazi! Mama mmoja wa nyuma, sitamtaja maana utamkumbuka mwenyewe, akasema sawa, uchawi hakuna, lakini huo waya haukujiunga wenyewe. Nani alikuwa na shida ya nyutro? Si Justa? Basi kaunga Justa, kumbe alikuwa mchawi wa koleo. Na wengine wakaitikia, eti ndio maana alihama kimya kimya, mwenye haki huwa hahami. Kwa macho yangu niliona wanakutoa kwenye jina moja wanakuingiza kwenye jingine, na hili la pili lina polisi ndani yake. Mzee Beatus akasema kama ni hivyo iandikwe, ofisi ya umeme ipewe jina lake.

Nikamwangalia Baba. Alikuwa amekaa kwenye lile benchi lake, mikono katikati ya magoti, ina grisi. Nilikuwa na neno mdomoni, Shangazi, nimelibana kwa meno. Nilisema moyoni nahesabu pumzi chache, asiposema yeye nitasema mimi, na nikishasema sitakuwa na baba tena wa kumwamkia asubuhi. Mimi ninayeropoka kwa harusi na kwa misiba, niliogopa kusema.

Akasimama. Hujawahi kusikia kaka yako akipaza sauti, hata mimi sijawahi. Alisema nimeunga mimi. Watu wakageuka kumtafuta aliyesema, wakadhani ni mtu mwingine. Akarudia, nimeunga mimi Osward, Justa hajui kitu.

Alieleza kwa maneno machache kama anatapika. Ilikuwa Jumamosi Kuu, friji lako limejaa barafu za watoto za Pasaka, umeme wa upande wako ukazimika, mafundi wa ofisi wakasema mpaka baada ya sikukuu. Wewe ulikuwa umeenda kanisani kwenye mazoezi ya kwaya ya mkesha. Akapanda darini, akaona waya wa upande wako umeungua na wa upande wetu mzima, akauunga kama anavyounga chochote. Uliporudi ukakuta friji linanguruma, ukamshukuru Mungu, naye akakuacha umshukuru Mungu. Alisema alitaka kuja kuwaambia mafundi baadaye, kisha akasikia kwamba kuunga bila ruhusa ni kosa la faini na pengine kufungwa, akaona kwa kuwa taa zinawaka basi.

Watu walianza kutikisa vichwa vya huruma, na mimi mwenyewe nikaanza kupumua, kwamba ni wema uliopotea njia. Ndipo Mama akafunua kanga. Akamwuliza swali moja, taratibu, kama anamwuliza kama chumvi imetosha. Siku ile niliposhusha mein swichi mbele ya watu, na Justa akalia kule ndani kwamba kazimikiwa, wewe ulikuwa umekaa hapo hapo kwenye benchi. Ulijua?

Shangazi, hapa ndipo nilipokwambia ukae.

Baba alisema, nilijua.

Alisema kuhusu kuhesabiwa mara mbili hakujua, hilo la mita kalisikia jana kama wote. Lakini taa yako ilipozimika alijua papo hapo ni waya wake. Akafungua mdomo aseme, akaona watu wengi, akaona jela, akaona wateja wanaambiwa kibanda cha Osward ni cha mwizi wa umeme. Akasema nitasema kesho. Kesho yake walikuja kukuvua uongozi wa sala, akaona sasa akisema ataulizwa kwa nini hakusema jana. Akasema nitasema Jumapili. Siku unapakia vitu kwenye pikipiki ya mizigo, yeye ndiye aliyekufungia lile godoro, na wewe ukamwambia kaka, angalau wewe hujaniita mchawi. Alisema neno hilo ndilo linalomla.

Sikuwahi kushtuka hivyo. Shoti ya umeme naijua, inakurusha inakuachia. Hii haikuniachia. Nilimwangalia huyu mzee anayenikataza kusema uongo hata wa bei ya peremende, nikawa simjui. Mama aliinuka, akaingia ndani, akatoka na sufuria ya maharage, akaiweka katikati ya watu, akasema kuleni mwende. Wakala kwa adabu sana, vijiko havikugonga sahani. Yule mama wa nyuma hakula. Mzee Beatus aliniita pembeni akasema jumuiya itakaa, itakuandikia yenyewe. Nikamwambia mzee, waliosema kwa midomo waje kwa miguu. Akanitazama, akasema tutaona. Hilo umdai wewe, mimi nimeshaanza.

Mwalimu Balbina hakusema kitu cha kujisifu, ingawa ingekuwa ni mimi ningetembea juu juu. Alizima swichi zote mbili, akaweka karatasi ya kukataza kuwasha, akaniambia ofisi lazima wajulishwe, na mimi ni mwanafunzi wake kwa hiyo sitaficha. Nikamwambia Baba. Akasema niende naye leo. Tumekwenda leo asubuhi. Wameandika, wamemkaripia, wamesema watamwita. Waya utakatwa na watu wa ofisi, na upande wako utawekewa nyutro yako mwenyewe.

Sasa nisikie vizuri. Juzi yule mfanyabiashara Ahmad alikuja na futi ya kupimia, akapima upande wako kuanzia baraza mpaka jikoni, akasema mmekubaliana unamuuzia afanye stoo ya mpunga, na wiki ijayo anakuja huko kwako mtie saini. Siandiki ili kukuzuia kwa maneno ya mtoto. Nyumba ni yako, babu alikupa. Ila ulikuwa unauza kwa sababu ulidhani huku una jina baya na kaka mwema. Nimeona usiuze kabla hujajua mambo yamegeuka: jina lako ni safi, ila kaka ndiyo huyo.

Usiku wa jana Baba aliniomba kitu. Alijua naandika. Alisema niandike waya umeonekana, niandike yeye ndiye aliyeunga, lakini lile la mein swichi niliache, au niseme alikuja kukumbuka baadaye. Alisema ni dada yangu mmoja tu niliyebaki naye. Nilikaa na kalamu, Shangazi. Nilianza hata kuandika hivyo kwenye karatasi nyingine. Nikaona nikiandika hivyo, mimi ndio nitakuwa nimekaa kwenye lile benchi. Nimemwambia asubuhi nimeliandika lote. Hakunipiga, hakunigombeza. Aliniuliza tu kama nimeandika na saa ya basi.

Basi, saa ya basi ni hii: Jumamosi, lile la kwanza kutoka Ifakara. Anakuja peke yake. Mama alitaka kufuatana naye nikamkatalia, zamu yake na yeye ipo, na anayo mengi, asije akajificha nyuma ya mengi ya Baba. Salamu hajakutumia. Anasema mtu uliyemwita mchawi mbele ya watu humtumii salamu kwa karatasi ya mtoto wako. Kwa hilo namuunga mkono.

Ukimfungia mlango Baba, umefunga kwa haki, mimi nitamwambia hivyo akirudi. Ukiamua kumuuzia Ahmad hata baada ya haya, nitakusaidia kubeba friji. Lakini kama utafungua, ninakuomba jambo moja kama mpwa wako pekee mwenye kazi. Atasimama pale mlangoni kimya, anazungusha kofia mikononi, anasubiri wewe umsaidie kuanza, kama ulivyomzoesha tangu utoto wenu. Usimsaidie. Usimwambie karibu kaka, usimpe kiti, usimwulize safari. Shikilia mlango tu, mwache aanze yeye.

Nifikishie salamu kwa wote wanaokupenda huko, na hao wanywa uji. Fidel anakusalimu ingawa hamjuani, tangu Alhamisi hajacheka vizuri. Mwalimu Balbina anakusalimu, anasema akipita Kidatu atakuja kukuona, chai ataleta yeye. Lala salama, kula vizuri, goti likande na maji ya moto.

Wako mpwa mtiifu, pale anapotii,

Gaudensi Osward
Mwanafunzi wa mita, tena wa kiti cha mbele